Historia ya parokia ya Bagamoyo: nianzie wapi?

Swali: Wakuu, naandaa kijitabu cha historia ya parokia ya Bagamoyo. Nianzie mwaka gani, na kumbukumbu za waumini nizisomeje?

Jibu 1: Anza na 1868. Mapadre wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padre Antoine Horner, walivuka kutoka Zanzibar. Waliwanunua watumwa ili kuwakomboa, wakawapa makazi, mashamba na ufundi. Hicho kijiji cha waliokombolewa ndicho kiini cha misheni, kipe nafasi kubwa. Wengi humaliza kurasa kwa mwili wa David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, uliolazwa pale Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Aya moja inatosha.

Jibu 2: Kuhusu rejesta za ubatizo, mwandikie paroko barua, utaje miaka unayohitaji. Za zamani kwa kawaida ni za Kilatini: *natus* ni kuzaliwa, *baptizatus* ni kubatizwa. Wengi hunakili tarehe ya ubatizo kama ya kuzaliwa, umri wote ukaharibika. Soma na maandishi ya pembeni mwa ukurasa, ndoa na kipaimara huandikwa hapo.

Jibu 3: Naongezea: makanisa ni mawili. La zamani ndilo lenye mnara wa Livingstone. Kubwa lilikamilika 1914. Andika maelezo ya picha kwa uangalifu, usiyachanganye.