Mwanangu ndiye anayeonea wenzake bwenini. Nianzie wapi?

MamaWawili
Wakuu, heshima kwenu. Nimezoea kusoma humu nyuzi za wazazi ambao watoto wao wanaonewa shuleni. Mimi nimekuja na upande wa pili, na kwa kweli naona aibu.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, bweni, shule ya wasichana ambayo sitaitaja. Jumatatu niliitwa na mkuu wa shule. Nilidhani ni ada. Kumbe yeye na wenzake watano wamekuwa wakimtesa mwenzao tangu mwezi wa pili. Hawajampiga hata kofi. Wamempachika jina "Msaada" kwa sababu ada yake inalipwa na kanisa, na siku anaripoti tranka lake lilikuwa na miche miwili ya sabuni na madaftari basi. Akikaa meza moja bwaloni, meza nzima inahama. Wanamtuma maji bombani. Ndoo yake ya bluu waliichukua, wakasema ni ya bweni. Usiku taa zikizimwa mmoja anaanza kuigiza anavyoongea, bweni zima linacheka. Mtoto wa watu akaacha kwenda bwaloni, mpaka asubuhi moja akaanguka mstarini kwa njaa.

Wangu amesimamishwa wiki mbili. Nyumbani huyu ni mtoto wa shikamoo, mwanakwaya. Nilipombana alinijibu, "Mama, si wewe uliniambia nisikubali kuonewa?" Ni kweli nilisema. Alipokuwa njuka alifulia dada wa kidato cha nne muhula mzima, akarudi likizo vidole vimechunika. Nikaanza kumjazia tranka: maziwa ya unga, biskuti, karanga, sukari kilo tatu, ili agawie wenzake apate marafiki. Akawapata.

Baba yake anataka bakora kisha uhamisho. Mimi nilifikiri nimpeleke akaombe msamaha mbele ya shule nzima. Nishaurini.

Mzee wa Bakora
Shemeji yuko sahihi. Chapa. Sisi tulichapwa na tumekuwa watu.

Njuka Mstaafu
Mtu gani, mkuu? Kila uzi humu unagombana na mtu.

Ticha Kanda ya Ziwa
Dada, mimi ni mwalimu wa malezi, mwaka wa 11 sasa. Mbele ya shule nzima usithubutu. Utakuwa umemsimamisha yule mtoto jukwaani mara ya pili, safari hii walimu nao wakiwa watazamaji. Binti yako atatamka samahani huku macho yake yakiwa kwa wale watano, na usiku samahani hiyohiyo ndiyo itakayoigizwa.

Uhamisho nao fikirieni vizuri. Shule mpya ataingia hana cheo, na njia anayoijua ya kupata cheo ni moja.

Bwenini kuna viranja waliochaguliwa na walimu, halafu kuna wale ambao kicheko kinaanzia kwao. Hawa wa pili ndio wenye bweni. Na nguvu yao wanapewa na wanaocheka. Kule Finland wana mpango unaitwa KiVa, ulitengenezwa Chuo Kikuu cha Turku, ukasambazwa kwenye shule zao kuanzia 2009. Pamoja na kushughulika na mwonevu na anayeonewa, unatia mkazo kwa watazamaji. Mimi sina mpango wala bajeti, ila kuna mwaka niliwaita wanaohama meza, mmoja mmoja, nikauliza tu: ulihama kwa nini? Karibu wote waliniambia waliogopa zamu yao ifuate.

Mwombe mkuu wa shule awatawanye wale sita mabweni tofauti kabla wako hajarudi. Na punguza hiyo shehena ya tranka. Umemfungulia duka.

Njuka Mstaafu
Mimi nilikuwa "Msaada" wa shule yetu, jina tu lilikuwa lingine. Walioletwa ofisini kuniomba msamaha siwakumbuki hata sura. Ninayemkumbuka ni binti wa kidato cha pili aliyekuja na sahani yake, akakaa mbele yangu, akala makande yake bila kusema neno. Kesho yake akaja tena.

Halafu mama wa yule mtoto anajua? Anayesomeshwa na wafadhili anameza mengi, anaogopa akilalamika nafasi itaondoka. Apewe namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure.

Chumvi ya Mezani
Dada samahani, swali dogo. Nyumbani una msichana wa kazi? Anakula wapi, saa ngapi?

Mzee wa Bakora
Haya sasa, msichana wa kazi kaingiaje hapa?

MamaWawili
Chumvi, swali lako nililisoma juzi usiku nikazima simu. Anakula jikoni, tukishamaliza sisi. Ana miaka 24, binti yangu 16, na huyu 16 anamwita kwa kelele kutoka sebuleni amletee maji wakati friji iko hatua tatu kutoka alipokaa. Nimeishi na hayo miaka na sikuwahi kuyasikia.

Jana nikaongeza kiti mezani. Dada akakataa kukaa, akasema ameshiba. Tukala kimya wote. Sijui kama nimefanya vizuri au nimemwaibisha bure.

Ticha, mkuu wa shule amekubali kuwatawanya. Baba yake bakora ameahirisha, hajafuta. Na leo nimempigia mama wa yule binti, namba nilipewa na matroni kwa ridhaa ya mama huyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakufoka. Akasema mwanawe hataki kuonana na wangu kwa sasa, wala barua hataki. Anataka ndoo yake.

Nimemuuliza binti yangu iko wapi. Amesema iko chini ya kitanda chake, ndiyo anayofulia. Kesho asubuhi napanda basi kuifuata.