Motahomu imechomekwa kwenye umeme wiki sita, betri zote zimekufa. Naombeni msaada

NesiSafarini:

Wakuu, habari za humu. Mimi ni muuguzi wa mikataba huku Marekani. Unafanya wiki 13 hospitali moja, kisha unahamia mji mwingine. Kwa sababu hiyo mwaka jana niliacha kupanga nyumba nikanunua motahomu, lile gari lenye kitanda, jiko na choo chake. Ni ya 2004, imejengwa juu ya chasi ya Ford E-450. Sasa hivi nimeegesha Amarillo, Texas, kwenye kambi ambayo kila eneo lina nguzo ya umeme, volti 120, ampea 30. Nilichomeka waya siku niliyofika na sijauchomoa tena. Taa zinawaka, friji inapoza, kiyoyozi kinaunguruma usiku na mchana maana joto la huku ni kali.

Juzi meneja wa kambi aliniomba nisogeze gari kidogo wachimbe bomba la maji. Nikazungusha ufunguo: tik tik tik, kisha kimya. Taa za dashibodi zikafifia mpaka zikazima. Jirani akanibusti, likawaka, nikasogea. Baada ya hapo nikaona niangalie na betri za nyumba, zile mbili za volti 6 za taa na vifaa vya ndani, zinazokaa chini ya ngazi ya mlangoni. Nikafungua vifuniko, nikamulika kwa tochi ya simu. Maji hayakuonekana. Niliona mabamba yamesimama makavu, na kwenye vichwa vya betri kuna unga mweupe uliochanganyika na ukijani.

Aliyeniuzia aliniambia ukichomeka tu, betri zote zinajichaji, nami nikamwamini. Mkataba wangu hapa umebakiza wiki saba, unaofuata ni Missouri, na hii ndiyo nyumba yangu. Inakuwaje gari lililo kwenye umeme saa 24 liwe na betri moja iliyokosa chaji na nyingine zilizokauka? Nianzie wapi?

DerevaWaI40:

Pole sana dada. Napita Amarillo karibu kila wiki na lori. Ushauri wangu ni rahisi: kila Jumapili washa injini, iache ingurume dakika 20. Altaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, itajaza betri. Mimi nilikaa na pikapu yangu hivyo mwaka mzima bila shida.

FundiWaya, Arusha:

Dada pole. Nafunga umeme kwenye magari ya watalii hapa Arusha. Kila gari lina betri mbili, ya kuwashia na ya friji, na ugonjwa kama wako nauona karibu kila msimu. Hapo una matatizo mawili yaliyokutana, usiyachanganye.

La kwanza ni betri ya injini. Kwenye motahomu nyingi za umri huo, umeme wa nguzo unaingia kwenye konveta, konveta inaugeuza kuwa volti 12, na hizo volti 12 zinaishia kwenye betri za nyumba. Njia ya kufika kwenye betri ya injini haikuwekwa. Hiyo inategemea altaneta tu. Gari likisimama, kompyuta ya injini, kumbukumbu ya redio na mota ya ngazi vinainywa kidogo kidogo. Chukulia vinakunywa ampea 0.15. Kwa siku ni ampea-saa 3.6. Betri ya ampea-saa 70 inakwisha ndani ya siku 20 hivi, na wewe umekaa 42.

La pili ni betri za nyumba. Konveta za zamani zinatoa volti ile ile asubuhi hadi asubuhi, betri iwe tupu au imejaa. Betri iliyokwisha kujaa ukiendelea kuisukuma, umeme unaanza kuyapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, yanatokea kwenye vifuniko. Joto la Texas linaharakisha. Hukugundua kwa sababu taa zako zilikuwa zinakula moja kwa moja kutoka kwenye konveta. Betri zingeweza kuwa zimekufa kabisa na taa zikawaka vile vile.

Usinunue kitu bado. Tafuta mita ya kupima volti, hata ya bei ndogo, halafu niletee namba hizi:
Betri ya injini, asubuhi, gari likiwa limelala.
Betri za nyumba zikiwa kwenye umeme wa nguzo, asubuhi, mchana na usiku.
Na uangalie karibu na mlango kama kuna swichi ya kukata betri. Magari mengine ukiiweka upande wa kuhifadhi, konveta inawasha taa lakini haigusi betri. Angalia pia fyuzi mbili kubwa kwenye konveta, zile zinazoungua mtu akibadilisha chanya na hasi.

Kuhusu kukauka: chomoa waya wa nguzo kwanza, fungua mlango upepo upite, vaa miwani na glavu, na moto usikaribie kabisa. Tia maji yaliyokenekwa mpaka yafunike mabamba tu, usijaze. Kisha chaji. Ikishajaa chaji ndipo uongeze hadi milimita 3 chini ya shingo ya tundu. Ukijaza kabla ya kuchaji, maji yatapanda na kufurika yakiwa na asidi.

Na tafadhali sana, usitie asidi. Huku nyumbani ukiomba maji ya betri dukani unaweza kupewa chupa ya asidi. Asidi yako haikuondoka, imo humo humo. Kilichoondoka ni maji.

Ndugu yangu DerevaWaI40, pikapu unaiendesha, ndiyo maana inapona. Dakika 20 za kunguruma hazijazi betri iliyoshuka sana. Injini isiyopata joto vizuri inaacha unyevu kwenye oili na ekzosi, na moshi unaingia madirishani kwa majirani waliolala.

DerevaWaI40:

Nimekuelewa fundi. Asante kwa kunisahihisha.

BabaZawadi:

Mimi nasikia betri ikikaa kwenye umeme muda wote inazoea, inakuwa mvivu. Chomoa waya, tumia taa mpaka betri ziishe kabisa, kisha chaji upya mara tatu. Zinaamka.

FundiWaya, Arusha:

Hapana kaka, huo ushauri utamuumiza. Uzoevu wa namna hiyo ulikuwa wa betri za nikeli kwenye simu na redio za zamani. Betri ya risasi na asidi ukiimaliza kabisa, salfeti, utando wa chumvi ya risasi, inajijenga kwenye mabamba, ikikaa hivyo inakuwa ngumu na haiondoki tena. Betri ya aina hii usiishushe chini ya nusu. Ikiwa imepumzika saa kadhaa bila kazi, 12.6 hadi 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 unaiua.

NesiSafarini:

Fundi, namba hizi hapa. Nimeziandika kwenye daftari kama ninavyoandika za mgonjwa.

Betri ya injini asubuhi: 11.7.
Betri za nyumba: asubuhi 13.9, mchana 13.9, usiku wa manane nilipotoka zamu 13.9. Haikusogea hata pointi moja.
Swichi iko upande wa kutumia. Fyuzi nzima.

Maji yaliingia karibu lita 2 kwenye matundu sita. Nilipokuwa namimina nilisikia mabamba yakinyonya, mlio mdogo kama mkate mkavu kwenye chai. Nilisafisha ule unga kwa magadi ya kuokea yaliyoyeyushwa kwenye maji, ukachemka povu, vichwa vikabaki vinang'aa.

Jirani mmoja mzee ameniazima haidromita, ile bomba ya kioo yenye kielea ndani, inayopima uzito wa asidi ukilinganisha na maji. Baada ya kuchaji usiku mzima: 1.255, 1.250, 1.260, 1.255, 1.255, na tundu la mwisho 1.190.

MpwaniHamburg:

Dada shikamoo, na hongera kwa kupima. Mimi ni wa Mombasa, naishi Ujerumani na nina kambi-gari dogo. Huku vifaa vingi vya umeme vya magari haya vinapeleka chaji ndogo, kama ampea 2, kwenye betri ya injini ukichomeka umeme, kwa hiyo shida hiyo ya kwanza wengi hatuijui. Mimi ningekushauri uachane na betri za maji, uweke za lithiamu. Nyepesi, hazina maji, na unaweza kutumia karibu chaji yote.

FundiWaya, Arusha:

Lithiamu ni nzuri, sibishani. Ila kwa dada huyu naona mambo mawili. Konveta aliyonayo haikutengenezwa kwa ajili ya lithiamu, itabidi ibadilishwe. Na lithiamu ya fosfeti haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, naye anaelekea Missouri, baridi itamkuta huko. Tena anakaa kwenye nguzo miezi mitatu mitatu, na lithiamu haipendi kushikiliwa asilimia 100 muda wote huo. Mtu anayelala porini kila wiki ningemwambia aweke leo leo. Kwa maisha ya dada, betri za maji zenye chaja yenye akili zinamtosha.

Dada, tundu la 1.190 limeachana na wenzake kwa zaidi ya 0.050. Hilo limeumia, na kwa kuwa mabamba yalikaa wazi sitegemei lirudi. Betri hizo mbili zimefungwa mfululizo, kwa hiyo mgonjwa mmoja anamvuta mwenzake. Ukibadilisha, badilisha zote mbili, za aina moja na tarehe moja.

Lakini usiweke mpya kwenye konveta hiyo. Hiyo 13.9 isiyosogea ndiyo iliyokausha. Tafuta konveta yenye hatua: inasukuma 14.4 betri ikiwa chini, inashuka 13.6 kwa matumizi ya kawaida, na ukikaa muda bila kutumia inashuka 13.2. Zipo zinazoingia kwenye nafasi ya ile ya zamani. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni, upande wa volti 120 unaua.

Kwa betri ya injini una njia tatu. Kuna relei, swichi inayojiwasha yenyewe kwa umeme, inayounganisha betri za pande zote mbili pale upande mmoja unapopata chaji. Kuna kuchomoa waya wa hasi kila unapoegesha, bure kabisa, lakini unapoteza mipangilio ya redio na kila dharura inakukuta na spana mkononi. Na kuna chaja ndogo ya ampea 1 au 2 yenye kujizuia, ichomekwe kwenye soketi ya ndani na ibaki hapo. Kwako mimi ningechukua chaja ndogo. Ni rahisi, na ikiharibika haigusi kitu kingine.

MamaKibo:

Nafuatilia, maana nasi tuna motahomu Ohio. Baridi ikiwa kali, betri haziwezi kuganda?

FundiWaya, Arusha:

Iliyojaa haigandi, ingehitaji baridi ya zaidi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Iliyoisha inaganda kwenye nyuzi 7 hivi chini ya sifuri, kwa sababu asidi imeingia kwenye mabamba na kilichobaki ni karibu maji matupu. Ikiganda, ganda linapasuka. Betri iliyoganda usiichaji wala usiibusti.

NesiSafarini:

Narudi na mrejesho, wiki ya saba tangu niombe msaada hapa.

Konveta mpya imefungwa. Usiku wa kwanza nilikaa sakafuni na mita nikaangalia: 14.4, asubuhi 13.6. Nilipokwenda kwa rafiki siku tatu nikazima kila kitu, niliporudi nilikuta 13.2. Betri mbili mpya ziko chini ya ngazi, na nimeandika kwa kalamu nene juu ya kifuniko tarehe ya kuangalia maji, kila mwezi. Betri ya injini chaja ndogo inaishikilia 13.2. Kwanza niliipeleka dukani wakaipima, wakasema bado ina nguvu.

Ile hesabu ya ampea 0.15 nayo nimeipima. Nilichomoa waya wa hasi, nikapitisha mita katikati. Ilisoma 0.19. Nilipotoa fyuzi ya ngazi ya umeme ikashuka 0.06. Kumbe ngazi ilikuwa inakunywa kuliko vyote.

Leo saa kumi na moja alfajiri nimechomoa waya wa nguzo, nikauviringisha, nikazungusha ufunguo. Imewaka mara moja. Nawaandikia kutoka kituo cha mafuta nje kidogo ya Oklahoma City, nakunywa chai niliyochemsha kwenye jiko langu.

FundiWaya, Arusha:

Safari njema dada. Ukifika na ukichomeka, subiri saa moja halafu upime zote mbili, utuwekee namba hapa.