Ramani ya nyuki wa mwituni Mombasa: ichorwe, na ikae mikononi mwa nani?

Mtoa mada, Kisauni

Kila bajeti ya kilimo inapojadiliwa husikia mbolea, mbegu, maji, na siku wakikumbuka nyuki basi ni mizinga. Mizinga mingi inatuletea nyuki wa asali peke yake. Duniani kuna aina 20,000 hivi za nyuki, na wengi wao hawajui mzinga ni kitu gani. Nauliza basi: je, kaunti itoe pesa kuchora ramani ya wanakoishi nyuki wa mwituni kandokando ya mashamba yetu, Mwakirunge, Jomvu, Mtongwe hadi Shika Adabu?

Nasema ichorwe. Tazameni biringani. Chavua yake, ule unga wa kutungisha tunda, imefungiwa ndani ya kifuko chenye tundu dogo, na haitoki mpaka nyuki alikumbatie ua na kulitetemesha kwa misuli ya mabawa. Nyuki wa asali hana ufundi huo. Utafiti wa Nguruman, Kajiado, uliochapishwa 2008 uliwakuta nyuki wa mwituni wakiifanya kazi hiyo, wakitegemea pori la jirani kwa chakula pale biringani zisipokuwa na maua. Karakara nayo yataka wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Hao huzaliana kwenye magogo makavu, na magogo makavu sisi tunayatia jikoni.

Wenye kusema mizinga inatosha wakumbuke kwamba 2013 watafiti walikusanya takwimu za mifumo 41 ya mazao duniani. Waliona maua huzaa zaidi yakitembelewa na wadudu wa mwituni, hata pale ambapo nyuki wa asali ni tele.

Mama Matikiti, Mwakirunge

Kaka, nyuki sihitaji kuhubiriwa. Ua la tikiti hufunguka asubuhi, mchana limeshafunga, na ndiyo basi. Ua jike lisipopata nyuki wa kutosha siku hiyo, laanguka, au latoa tikiti lililonyauka upande mmoja. Nenda nalo soko la Kongowea uone utakavyochekwa.

Langu ni hili. Hapa nilipo sina hati. Marehemu babangu alilima hapa, nami nalima, karatasi hatuna. Ukiandika kwamba kichaka nyuma ya nyumba yangu ni makazi muhimu ya nyuki, nani ataniambia kesho haji mtu na bikoni na askari, aniambie nahatarisha mazingira? Wapwani tumeona ramani nyingi. Sijaona bado iliyokuja kumpa mnyonge shamba.

Mwalimu, Tudor

Dada ana haki ya kuogopa. Nami naongeza la kitaalamu, kwani wengi wanadhani ramani hizi hutokana na kuhesabu nyuki. Sivyo. Njia iliyoenea sana, iliyoandikwa 2009, huchukua picha ya setilaiti na kuigawa: hapa msitu, hapa shamba, hapa nyumba. Kisha wataalamu huipa kila sehemu alama mbili, ya pa kuzalia na ya maua. Kompyuta inakadiria nyuki ataruka umbali gani kutoka hapo, maana wadogo huishia mita mia chache na wakubwa hupita kilomita. Mwisho unapata rangi za kupendeza juu ya makisio.

Tena takriban asilimia 70 ya aina za nyuki huzaa ardhini, kwenye udongo mtupu, kingo za njia, kuta za mitaro. Setilaiti itakionyesha kivuli cha mwembe. Tundu la nyuki chini yake haitalionyesha. Kama pesa zitatoka, ziende kwanza kwa vijana wa kutembea mashambani na nyavu na vibakuli vya rangi vyenye maji ya sabuni vya kunasia nyuki. Rangi za kompyuta zije baadaye.

Mpita njia

Mombasa ni mji wa bandari jamani. Mahindi huchavushwa na upepo, muhogo mwapanda kijiti. Nyuki wa nini?

Mtoa mada

Mahindi na muhogo, sawa. Na tikiti, boga, tango, korosho? Mpapai je? Utafiti wa Bonde la Kerio wa 2009 ulionyesha mipapai huchavushwa na nondo wakubwa wa jioni, na pori likiwa mbali au limeharibika, kazi hiyo hudorora. Mji huu haulimi vyote hivyo, lakini unavila vyote, kutoka Kilifi na Kwale. Nyuki hajui mpaka wa kaunti.

Mjukuu wa Kaya

Shikamooni. Kwetu mapori yaliyobaki mazuri ni makaya, misitu yetu mitakatifu, na yamebaki kwa sababu wazee walikataza kukata hata ufito. Makaya kadhaa ya Mijikenda yakaingizwa 2008 kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mkitaka nyuki, wamo, pamoja na wale wadogo wasiouma.

Lakini hao wadogo asali yao ina bei, na kuna anayekata mti mzima ili apate kikombe. Mkiweka hadharani alama ya kila kiota, mmempa mwizi anwani. Tena sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi ipo. Mzee akikuonyesha kiota, hayo ni maarifa, aombwe ridhaa na jina lake lilindwe.

Mtoa mada

Mmenisogeza, ila sijahama. Napendekeza ramani ya wazi iwe ya miraba ya kilomita moja, bila kiota, bila mpaka wa shamba, bila jina la mtu. Ndani ya kaya hakuna kuchora ila kwa idhini ya wazee. Maelezo ya karibu abaki nayo mkulima mwenyewe. Na kabla mtu hajatia mguu shambani, kaunti iandike kwamba ramani hii haitakuwa ushahidi wa kumwondoa yeyote. Wakikataa kuandika hilo, hapo nitakuwa upande wa Mama Matikiti.

Mpita njia atasema mapori yakiisha tutanunua mizinga. Atuambie biringani itatetemeshwa na nani.

Mama Matikiti

Wakiandika na kutia sahihi, waje, nitawaonyesha kingo zangu. Kwa sasa niambieni, dawa nipige saa ngapi? Wadudu wa majani wananimaliza, na hii niliyouziwa dukani ina imidaklopridi.

Mwalimu

Hiyo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mashambani 2018 kwa sababu ya nyuki. Mmea huifyonza, ikafika hadi kwenye chavua, kwa hiyo kubadilisha saa hakutakuokoa. Rudi dukani uombe isiyoingia ndani ya mmea, usipige asubuhi wakati maua yamefunguka, ngoja jioni. Na ile mipapai yako ya kando usiielekezee bomba, maana saa hiyo nondo wake ndio wanatoka.