Ushauri: Nitawapataje wenye ploti na nyumba Malindi, Kenya, wanaotaka kuuza kweli, si madalali?

BintiKisumundogo:
Salaam wadau. Nina mtaji wa kununua ploti mbili au nyumba moja kuukuu kwa mwaka, kuanzia Mayungu hadi Mambrui, nikarabati na kupangisha. Nimetangaza "Nanunua ploti Malindi, pesa taslimu" kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook. Wanaopiga karibu wote ni madalali, na ploti moja ya Casuarina imeletwa na watu wanne kwa bei nne. Nataka mwenye mali aliye na sababu ya kuuza. Nitangaze vipi, wapi, na nikimpata nianze na lipi?

MwambaoWaSabaki:
Dada, hilo tangazo lako ndilo linaloita madalali. "Pesa taslimu" bila kutaja mtaa humwambia dalali kwamba mnunuzi yupo, aende akamtafutie kitu. Mwenye nyumba hajioni humo. Taja mtaa na utaje shida yake, mathalani: "Nanunua nyumba kuukuu Maweni, Barani na Muyeye, hata ikiwa na deni la reti (kodi ya ardhi ya kaunti) au mirathi haijaisha. Nazungumza na aliyeandikwa kwenye hati au mrithi wake." Sentensi ya mwisho ndiyo chujio lako.

Kila mahali unapotangaza weka alama yake: R1 kwa redio, B1 kwa bango, W1 kwa WhatsApp. Mpigaji mwulize ameona alama gani. Baada ya miezi mitatu utajua pesa zako zinapotelea wapi. Bango liweke kwenye ua wa mtu aliyekuruhusu na ulipie kibali cha kaunti. Karatasi za kwenye nguzo za umeme hung'olewa, na anayeziona hukudhania tapeli.

Msimu nao una maana. Wageni wenye nyumba Malindi na Watamu, wengi wao Waitaliano, huja zaidi kati ya Desemba na Machi, ndipo wanapoliona paa la makuti lililooza na bili za mlinzi na bustani. Mei na Juni wengi hawapo. Kwa hiyo tangazo la Kiitaliano, mistari minne tu, liwe limebandikwa kufikia Januari kwenye mikahawa na maduka wanayonunua. Wasimamizi wa nyumba hizo waheshimu, wao ndio wanaojua nani amechoka. Lakini anayefanya udalali kama kazi anatakiwa awe amesajiliwa kisheria kama wakala wa mali, basi usijenge mtandao wa watu wa kulipwa kichinichini.

HatiMkononi:
Naongeza mirathi, maana Malindi hapo ndipo penye wauzaji wengi na hapo ndipo wanunuzi huumia zaidi.

Gazeti rasmi la serikali hutoka Ijumaa na huchapisha maombi ya mirathi, yakiwemo ya Mahakama Kuu ya Malindi, na siku 30 za mtu kupinga. Usiwapigie wafiwa. Mwandikie wakili aliyetajwa kwenye tangazo, barua ya ukurasa mmoja: unatafuta mali mtaa gani, uko tayari kungoja hadi mirathi ithibitishwe, na malipo yatapitia kwa mawakili. Familia ikiamua kuuza, barua yako iko kwenye faili.

Kungoja huko si adabu peke yake. Sheria ya Urithi hairuhusu msimamizi wa mirathi kuuza ardhi kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa. Ukimpa ndugu mmoja arubuni kabla ya hapo, umenunua kesi. Kwa Waislamu waliokwenda kwa Kadhi, dai uamuzi unaoonyesha kila mrithi na fungu lake, mabinti wakiwemo, kisha hesabu saini za warithi moja moja. Aliyeko Ughaibuni asaini hati ya uwakilishi iliyosajiliwa. Sauti ya WhatsApp haitoshi. Ukisikia neno wakfu (mali iliyofungwa isiuzwe), simama mpaka upate jibu la Tume ya Wakfu.

Na usinunue orodha za namba za simu kwa vijana wanaoziuza. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mtu kabla ya kumtumia matangazo ya biashara.

MpimaMsabaha:
Simu ya kwanza isianze na bei. Maswali manne: nani ameandikwa kwenye hati, nani anaishi au analima pale, kwa nini kuuza sasa, na reti zimelipwa hadi mwaka gani. Asiyejibu la kwanza ni dalali.

Kisha fanya serchi rasmi ya hati kwenye ofisi ya ardhi, halafu nenda kiwanjani na mpima mwenye leseni mtafute bikoni zote, yaani alama za mipaka. Serchi haikwambii nani amejenga. Mtu aliyekaa wazi miaka 12 bila ruhusa ya mwenyewe anaweza kudai ardhi mahakamani, na Pwani hilo si jambo la kufikirika. Ploti za ufuoni angalia ramani: kanuni za upimaji hutenga ukanda wa kawaida wa mita 60 juu ya alama ya maji kujaa pale ardhi ya serikali inapogawiwa. Mitaa ya zamani uliza kama ni nyumba bila ardhi. Hapo unanunua kuta na paa, na mwenye ardhi lazima akubali.

Nyumba ya mgeni: tangu 27 Agosti 2010 asiye raia hana umiliki wa kudumu, ana ukodishi usiozidi miaka 99. Ikiwa imeandikwa jina la kampuni, omba CR12, hati ya msajili wa kampuni, ujue wakurugenzi wa leo.

BintiKisumundogo:
Ahsanteni sana. Maswali mawili. Nifanyeje muuzaji asigeuke dakika ya mwisho? Na mwenye nyumba inayotishiwa mnada, ni haki kumwendea?

HatiMkononi:
Wengi hugeuka kwa sababu ya kodi ambayo hawakuambiwa. Mwandikie hesabu siku ya kwanza. Tuseme ploti ya mjini ni shilingi 4,000,000 na aliinunua 1,500,000. Faida ni 2,500,000, na kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 tangu Januari 2023, yaani 375,000 kabla ya kutoa gharama zinazokubalika. Reti anazodaiwa tuseme 180,000. Mkononi anabaki na 3,445,000. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, yaani 160,000, ni wako. Akilikubali hilo 3,445,000 kwa macho mawili, hatashtuka mbele ya wakili. Aliyeishi nyumbani mwake miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza, au anayeuza ardhi isiyozidi 3,000,000, aulize msamaha wa kodi hiyo ya faida. Mwambie, hata kama hakuuliza.

Sababu ya pili ni mwenzi wa ndoa. Mkutano wa pili asikose, kwa kuwa ridhaa yake inahitajika. Shamba la kilimo lazima lipate kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita ya mkataba. Arubuni ya asilimia 10 ikae kwa wakili, isiende mfukoni mwa mtu.

MwambaoWaSabaki:
La mnada: ni haki ukimwendea na njia, si na vitisho. Benki hutoa notisi ya miezi mitatu, halafu ya siku 40, kisha dalali wa mnada hutoa siku 45. Ndani ya muda huo mwenye nyumba anaweza kuuza mwenyewe benki ikikubali. Wakili wako aiombe benki, kwa ridhaa ya mwenye nyumba, barua ya deni lote hadi tarehe fulani. Pesa zako ziende benki nayo iachilie hati, kinachobaki apewe mwenye nyumba. Ukimkabidhi yeye fedha zote, deni lisilipwe, nyumba itanadiwa nawe ukiangalia. Bei nayo usiibane hadi asibaki na cha kuhamia. Notisi ya siku 45 ikishatoka muda ni mfupi mno kwa serchi, mpima na mawakili wawili, kwa hiyo ukimpata katika miezi mitatu ya mwanzo anza siku hiyohiyo.