MRI ya mirija ya nyongo kabla ya endoskopi: kuna haja gani?

Binti Mkubwa: Macho ya mama yangu yamekuwa ya manjano kwa wiki mbili, mkojo umekoza na choo kimepauka. Ultrasaundi imeonyesha kwamba mrija mkuu wa nyongo umetanuka hadi milimita 11, lakini gesi ya tumboni ilificha ncha yake ya chini, hivyo kinachoziba hakikuonekana. Daktari ameagiza MRCP, yaani MRI (picha zinazopigwa kwa sumaku) ya mirija hiyo. Kwa nini asipelekwe moja kwa moja kwenye endoskopi ya ERCP, yaani bomba lenye kamera linalopitishwa mdomoni hadi kwenye mlango wa mrija wa nyongo, inayoweza kuliondoa jiwe papo hapo kama ndilo linaloziba?

Mpiga Picha: Dada, pole kwa kuuguza. ERCP ni tiba nzuri, ila huweza kuvimbisha kongosho, kwa hiyo haifai kufanywa kwa kubahatisha. MRCP haiingizi kitu mwilini wala haitumii mionzi: huyafanya majimaji yaliyotulia yang'ae, na nyongo ikaonekana nyeupe kama mto uliochorwa kwa chokaa. Jiwe hujitokeza kama doa jeusi ndani ya weupe huo, na mara nyingi nyongo iliyo juu yake huishia kwa mbinuko wa mwezi mchanga. Mrija unaokatika ghafla, huku ule wa kongosho nao ukiwa umetanuka, hutufanya tuhofie uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, na hapo mpango wa matibabu hubadilika kabisa.

Msomaji wa Filamu: Naongeza tahadhari moja. Vijiwe vilivyo chini ya milimita 5 huweza kupita bila kuonekana, na viputo vya hewa huweza kudhaniwa kuwa mawe. Mgonjwa akilala chali, kiputo huelea juu na jiwe huzama, ndiyo maana sikubali kusoma picha ya jumla peke yake bila vipande vya kukata mwili kimkingamo. Shaka ikibaki, ultrasaundi inayofanywa kwa endoskopi husaidia.

Mpiga Picha: Asile kwa saa kadhaa kabla ya kipimo, na mseme mapema iwapo ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Akipata homa na kutetemeka, msisubiri zamu ya MRI, kwa kuwa huenda nyongo iliyoziba imeingiwa na vijidudu, na hiyo ni dharura.

Binti Mkubwa: Nawashukuru. Usiku wa kuamkia leo alitetemeka hata kitanda kikalia, nami nikamwongezea blanketi nikidhani ni baridi tu. Tunampeleka hospitali sasa hivi.