Mjadala: Mkazi wa Islii ampe polisi habari kwa imani gani?

Mwanzilishi wa mada (Islii, Nairobi)

Juzi chifu wetu aliitisha baraza hapa Islii, mtaa wenye Wasomali wengi. Ujumbe ulikuwa ule ule: wananchi, hasa nyinyi wa Islii, wapeni polisi habari. Mzee mmoja akainuka, akauliza: "Nikishaitoa, nani atanilinda na huyo niliyempa?" Watu wakacheka, chifu naye akacheka, kikao kikaendelea. Mimi sikucheka, na swali lake nimelileta hapa.

Kuna mliokuwa wadogo, kwa hiyo nikumbushe. Tarehe 31 Machi 2014 milipuko iliua watu sita hapa mtaani. Siku chache baadaye ukaanza msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu ya maafisa wakiingia nyumba kwa nyumba, usiku. Waliozolewa walikuwa kwa maelfu, wengi Wasomali, mkimbizi na Mkenya mwenye kipande (kitambulisho) halali wakichanganywa ndani ya lori moja. Watu wengine wakapelekwa uwanja wa Kasarani, na uwanja huo wa michezo ukatangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa kituo cha polisi. Zaidi ya watu 300 walipandishwa ndege kwenda Mogadishu. Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, ilichunguza msako ule mwaka huo huo na kusema ulivunja haki za watu. Sasa mnitajie afisa mmoja aliyefungwa kwa hayo.

Kaka yangu alichukuliwa usiku wa pili. Kipande chake kilitolewa Garissa. Afisa alikitazama, akasema hiki ni cha kununua, akakitia mfukoni mwake. Tulimkomboa kaka kesho yake kwa shilingi elfu tano, katika kituo nisichokitaja. Hakukuwa na risiti, wala namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Kwenye kitabu cha kituo kaka yangu hajawahi kukamatwa. Ningeenda kushtaki nini?

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: afisa aonekane jina na namba kwanza, na kila anayeingizwa seli aandikwe kwanza. Tukishapata hivyo ndipo mtuombe habari.

Afande mstaafu

Pole kwa kaka yako, dada. Aliyekula zile pesa sitamtetea. Lakini msiongee kama vile tulikuwa tunawinda watu kwa kujifurahisha. Nimehudumu miaka 27, saba kati yake Garissa na Mandera. Huko unapanda gari asubuhi hujui kama barabarani kumetegwa bomu. Kijiji kizima kinamjua aliyetega, na kinakusalimia vizuri tu. Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, Al-Shabaab waliua watu 148. Hakuna aliyewaona wale wauaji wakipita?

Nikirudi kambini nalala chumba kimoja na mwenzangu mwenye mke na watoto, pazia katikati. Halafu mkubwa anapiga simu, anataka watu ndani kabla hakujakucha. Mnadhani anataka wahalifu? Anataka hesabu. Habari ikija mapema, jina moja na nyumba moja, hatuzoi mtaa. Hilo mnalikwepa.

Mwanafunzi wa sheria (Wajir)

Afande, nayaheshimu uliyoyapitia. Ila hiyo "kijiji kizima kinamjua" ndiyo iliyozaa misako yote tangu kabla sijazaliwa. Februari 1984 wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, hapa kwetu, wakawekwa juani siku kadhaa, wakauawa. Serikali ya wakati ule ilikubali 57. Hakuna mtu Wajir anayekubali idadi hiyo. Mwaka 1989 Wasomali Wakenya peke yao wakaamriwa kuhakikiwa upya na kupewa kadi ya pili, ya pinki. Babu yangu bado anayo, ameifunga pamoja na cheti cha mbuzi aliouza.

Na kuhusu kukaa kimya: Desemba 2015 basi la kwenda Mandera lilivamiwa, abiria Waislamu wakaambiwa wajitenge na Wakristo. Walikataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari. Watu hao walitoa zaidi ya habari.

Dada, kwenye sheria una hoja yenye nguvu kuliko unavyodhani. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inamtaka afisa aliyevaa sare awe na jina au namba inayosomeka. Si ombi letu jipya, ni amri ya zamani. Tatizo ni mlolongo: IPOA inachunguza, kisha inapeleka jalada kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na bila jina la afisa jalada linabaki "maafisa wasiojulikana". Jalada la namna hiyo halishtakiwi. Tangu 2024 mwenyekiti wa IPOA ni Issack Hassan, Msomali mwenzetu, na nyumbani watu walifurahi. Mimi nilifurahi kidogo tu. Mwenyekiti hasomi jina ambalo halikuandikwa.

Kijana wa Mathare

Nitawakera lakini niseme. Mnaongea kama hii ni shida ya Wasomali pekee. Huku kwetu karao, yaani polisi, haulizi kabila, anaangalia kama una dredi na kama mfukoni kuna kitu. Kisumu, Agosti 2017, mtoto wa miezi sita alipigwa rungu nyumbani kwao, akafa. Alikuwa gaidi? Shida ni umaskini. Msomali mwenye duka kubwa Islii analipa anaenda. Mimi sina cha kulipa, nalala ndani.

Mwanzilishi wa mada

Ndugu yangu wa Mathare, hujanikera. Lakini angalia unachosema: analipa anaenda. Unajua polisi walituitaje mtaani? ATM. Hiyo ni bahati kweli? Wewe ukionyesha kipande, kipande chako ni kipande. Changu ni mwanzo wa maswali: baba yako alizaliwa wapi, lugha ya mama ni ipi, mbona unaongea hivyo. Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba ule uhakiki wa ziada wa kupata kitambulisho umeisha. Vizuri. Askari wa kizuizini usiku hakuwa kwenye mkutano huo.

Mama wa Majengo, Mombasa

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Nyie mna bahati ya kulalamikia seli. Huku mtu hutwaliwa na gari lisilo namba, na wenye gari hawana sare. Mama mtu huzunguka vituo vyote, kila mahali huambiwa "huyo hatunaye". Hujui uvae eda au upike futari umngojee. Sasa hilo jina la kifuani litamfaa nini, ikiwa aliyekuja amevaa jinzi?

Lakini sitaki kuwakatisha tamaa. Mwaka 2014 kule Kinango msichana wa miaka 14 aliuawa na polisi ndani ya nyumba, usiku. Walidai aliwatishia kwa panga. Mwaka 2016 Mahakama Kuu hapa Mombasa iliwahukumu maafisa wawili miaka saba kila mmoja, na ndiyo kesi ya kwanza IPOA kuishinda. Kwa nini hiyo ilifika? Kulikuwa na mwili wa kuzika na walioingia walijulikana. Toa kimoja katika hivyo viwili, hakuna kesi. Ndiyo maana siku hizi huondoka na mtu mzimamzima.

Mchangiaji wa Tanga

Samahani, mimi si Mkenya, ila mlipoanzisha Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kujuana kwa ajili ya usalama, mwaka 2013 mlisema mmeichukua kwetu, basi naona nina haki ya maneno mawili. Balozi wetu wa nyumba kumi anajua nani amepata mgeni kwa sababu ndiye anayeitwa kwenye msiba na kwenye ugomvi wa mke na mume. Hana pingu. Hata hivyo msitupambe mno: alikuwa sikio la chama pia, na wazee wetu walijua la kusema mbele yake na la kumeza. Mkichukua umbo lake mkamfanya mpelelezi wa kituo, watu watameza yote.

Afande mstaafu

Mama, hilo la gari lisilo namba siwezi kulijibu, na sitajifanya naweza. Ile SSU, kikosi maalumu cha polisi, ilivunjwa Oktoba 2022 kwa mambo ya namna hiyo, na kuna wenzangu walishukuru kimoyomoyo.

Lakini dada mwenye mada, fikiria na upande wa pili. Jina la askari mdogo likisomeka Islii leo, kesho liko mikononi mwa Al-Shabaab. Ana watoto shuleni.

Mwanafunzi wa sheria (Wajir)

Ndiyo maana sheria ikasema jina *au* namba, Afande. Namba haina watoto shuleni. Anayeisoma ni mkubwa wake na mchunguzi, basi.

Mwanzilishi wa mada

Afande, nakushukuru kwa kubaki, wengi wa kazi yako hukimbia mjadala huu. Naomba unijibu moja, bila siasa. Miaka 27 yote hiyo, mkienda msako, namba yako ilikuwa inaonekana?

Afande mstaafu

Mchana, ndiyo.

Usiku tulivaa makoti juu.