Shangazi Haandikagi

Kikundi: Wajukuu wa Bibi, Kibosho 🍌
Jumamosi

13:12 Shangazi Manka: Habari zenu ndugu zangu wapendwa. Mwenye 150,000 anisaidie haraka, nina mgonjwa. Laini yangu ina shida, tumeni kwenye namba ninayoweka hapa chini. Nitarudisha jioni.

13:14 Baba Mdogo Elia: Pole dada. Mgonjwa gani tena?

13:14 Shangazi Manka: Ni dharura, nitaeleza baadaye.

13:16 Goodluck: Shikamoo shangazi. Nimetuma 80, ndiyo niliyokuwa nayo. Pole sana

13:17 Aika: Subirini kwanza. Shangazi ameanza lini kuandika?

13:17 Aika: Tangu anunue hiyo simu ni sauti tu. Dakika nne, kuku wanalia nyuma, mwisho anasahau alichotaka kusema

13:18 Dada Ndeshi: 😂 Na "ndugu zangu wapendwa" kaitoa wapi? Sisi kwake ni "nyie watoto"

13:18 Shangazi Manka: Jamani ni haraka. Tumeni tu

13:19 Aika: Shangazi, weka sauti kidogo tukusikie

13:19 Shangazi Manka: Maiki imeharibika

13:20 Dada Ndeshi: Haya. Goodluck, ulivyokuwa unatuma lilitokea jina la nani?

13:20 Goodluck: La mwanaume. Nikajua ni wakala

13:20 Goodluck: Nilikuwa juu ya boda natoka Kiborloni dada, sikutulia

13:21 Dada Ndeshi: Piga 100, huduma kwa wateja, sasa hivi. Sema umetapeliwa, waizuie hela kabla haijatolewa. Maelezo baadaye

13:21 Aika: Mimi nampigia shangazi. Simu ya kawaida, siyo humu

_Dada Ndeshi amemwondoa Shangazi Manka_

13:27 Aika: Nimempata. Yuko shambani anakata majani ya ng'ombe, hana habari. Anasema WhatsApp "imejizima" tangu asubuhi

13:27 Mama Aika: Yesu wangu

13:28 Dada Ndeshi: Muulize kama kuna mtu kampa zile namba sita za SMS

13:31 Aika: Kampa. Mama mmoja wa kamati ya harusi ya pale jirani alimwandikia, namba yake anayo siku zote. Eti "namba za kuingia kikundi cha kamati zimekuja kwako kwa bahati mbaya, nirudishie". Naye akarudisha. Kumbe huyo mama mwenyewe aliibiwa jana

13:32 Baba Mdogo Elia: Kumbe inaambukiza kama mafua

13:34 Dada Ndeshi: Ndiyo baba mdogo. Zile namba sita ndiyo ufunguo wenyewe. Ukizitoa, mtu anafungua WhatsApp yako kwenye simu yake, wewe unatupwa nje. Meseji zetu za zamani hazioni, ila vikundi vyote ulivyomo anaviona, ndiyo maana kaja moja kwa moja hapa. Mwambieni shangazi afungue upya kwa namba yake, zitakuja namba nyingine sita, aziweke yeye mwenyewe. Mwizi anatoka hapo hapo. Ikimdai PIN asiyoijua, jua mwizi kaweka yake, basi atasubiri siku 7. Lakini hata hapo mwizi anakuwa ameshatolewa

13:36 Goodluck: Wamepokea. Hela imeshatolewa 😔

13:36 Mama Aika: Pole mwanangu. Shangazi yako asijue leo, hatalala

13:38 Baba Mdogo Elia: Goodluck nenda kituo cha polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, usiseme ni elfu themanini tu

13:39 Dada Ndeshi: Na ile meseji yenye namba ya mwizi ipeleke 15040, ndiyo namba ya kuripoti matapeli. Wengine wote, leo kabla ya kulala: Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN yako

13:40 Baba Mdogo Elia: Mimi nitaweka mwaka wangu wa kuzaliwa

13:40 Aika: Uleule ulioandikwa kwenye keki mwezi wa tatu, na picha ukaibandika profaili? 😂

13:41 Dada Ndeshi: PIN yenyewe ni tarakimu sita, baba mdogo. Tafuta nyingine

13:42 Mama Aika: Na ile *106# ni ya nini? Mtu alinitumia

13:43 Dada Ndeshi: Ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, ripoti

14:20 _Dada Ndeshi amemwongeza Shangazi Manka_

14:22 Shangazi Manka: 🎤 3:52

14:26 Aika: Ndiye. Kuku wanasikika

14:26 Goodluck: Mimi sijasikiliza, kasema nini?

14:27 Aika: Hakumaliza. Ng'ombe kaingia kwenye mahindi

14:29 Dada Ndeshi: 😂😂 Sasa tukubaliane. Kuanzia leo anayeomba hela humu anapigiwa simu, na anaulizwa swali moja la nyumbani: ng'ombe wa kwanza wa Bibi aliitwaje? Mgeni hawezi kujua

14:30 Baba Mdogo Elia: _Ujumbe huu umefutwa_

14:30 Goodluck: Nimeshauona

14:31 Dada Ndeshi: Wote tumeuona. Tafuteni ng'ombe mwingine